Mama anaamka vidole vimekaza: ni baridi tu?

Furaha wa Kadutu
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 51, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Tangu mvua zilizopita anaamka vidole vimevimba na kukaza, mkono wa kuume na wa kushoto sawasawa. Kitenge namfunga mimi, thermosi ya chai hawezi kuifungua mpaka jua lipande. Majirani wanasema ni baridi ya Bukavu, apake mafuta ya moto. Kuna muuzaji anampa vidonge vidogo vyeupe ndani ya karatasi, havina jina. Akimeza, kesho yake anasonga bugali mwenyewe. Lakini uso wake umeanza kujaa na kuwa mviringo, nina hofu. Tuanzie wapi?

Muuguzi Bagira
Dada Furaha, pole kwa mama. Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini haivimbishi vidole namna hiyo. Mikono yote miwili, vifundo vidogo, kukaza asubuhi kwa muda mrefu: hapo mimi nawaza baridi yabisi, kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Goti la bibi aliyebeba mizigo maisha yake yote ni jambo lingine. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, linauma akitembea, linatulia akipumzika, na linasaidiwa sana na mazoezi ya misuli ya paja.

Vile vidonge nashuku ni deksametasoni au prednisoloni. Vinazima uvimbe haraka, ndiyo maana watu wanavipenda, lakini ukivimeza miezi bila kusimamiwa vinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Tafadhali usimkatishe ghafla! Mwili uliovizoea huacha kutengeneza homoni yake, na kukata mara moja kunaweza kumwangusha kabisa. Beba karatasi hiyo na vidonge vyake kwa daktari, apange kupunguza polepole.

Aombe vipimo vya damu na picha ya eksirei ya mikono. Damu ikitoka safi msikate tamaa, kuna wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu. Ikithibitika, dawa inayolinda viungo mara nyingi ni metotreksati. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, pamoja na asidi foliki. Nasisitiza kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua. Damu na ini vinafuatiliwa, mwenye mimba hapewi. Nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, avumilie.

Papa Janvier, Nguba
Binti yangu, yangu mimi ni jongo, ugonjwa wa asidi ya yuriki kuzidi na kuumiza viungo. Kidole gumba cha mguu kiliwaka usiku, hata shuka sikuvumilia. Walinipima asidi ya yuriki, wakanipa kolkisini ya kutuliza, baadaye alopurinoli ya kila siku. Bia nimeacha, maini nayaonja sikukuu tu. Ya mama si hii, lakini wengine wanasoma.

Furaha wa Kadutu
Aksanti sana Papa, aksanti muuguzi. Tukingojea daktari, nimpe diklofenaki ya maumivu? Ana vidonda vya tumbo.

Muuguzi Bagira
Hapana dada, wala ibuprofeni. Juu ya vile vidonge vyeupe, tumbo linaweza kutoka damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha mtu mzima. Na siku kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, naye ana homa, usingoje miadi: huenda ndani kuna usaha. Mpeleke hospitali usiku uleule.