Kufuta meseji za LinkedIn: upande wa pili zinafutika au zinabaki?

Bahari_Shwari

Wakuu, salaam. Inboksi yangu ya LinkedIn ina mazungumzo yanayokaribia mia nne, mengi ya mawakala wa ajira na wauza kozi. Nataka kuisafisha, ila kabla sijagusa kitu nauliza:

Nikifuta mazungumzo, na mwenzangu yanamfutikia? Kuna watu walitumiwa CV yenye namba ya pasipoti, na wengine walitajiwa mshahara ninaoutaka.

Kuna njia ya kufuta mengi kwa mpigo? Moja moja nitakesha.

Na vile viendelezi vya Chrome vinavyodai kufuta yote kwa kubonyeza mara moja, ni salama?

Natumia simu ya Android na laptopu ya ofisi. Natanguliza shukrani.

fundi_vidoti

Mkuu, tuanze na la kwanza maana ndilo linalowaangusha wengi. Kufuta mazungumzo kunasafisha upande wako tu. Mwenzako anabaki na kila neno na kila kiambatisho, wala hajulishwi kwamba wewe umefuta. Na kwako hakuna pipa la taka la kwenda kuokota baadaye. Ukishathibitisha, yamekwenda, hata wahudumu wa LinkedIn hawayarudishi. Ukifuta kwenye simu, kwenye laptopu nako yametoka, kwa sababu kinachofutwa kiko kwenye akaunti, hakiko kwenye kifaa.

Njia pekee inayogusa upande wa pili ni kufuta ujumbe mmoja mmoja, ulioutuma wewe, ndani ya dakika 60 tangu kuutuma. Kwenye kompyuta peleka kishale juu ya ujumbe wenyewe mpaka vidoti vitatu vijitokeze pembeni yake, kisha chagua Delete. Kwenye simu gusa ujumbe ushikilie. Ukitaka kurekebisha tu, chagua Edit. Dakika ya 61 chaguo hizo hazipo tena.

Hapo kwenye vidoti ndipo watu hukosea. Kuna vidoti vya juu kabisa, karibu na jina la mtu, na kuna vya ujumbe. Vya juu vina "Delete conversation", yaani mazungumzo yote, upande wako tu. Mtu amekosea ndani ya ujumbe mmoja, anakimbilia vya juu, anafuta, anapumua. Kumbe kosa bado liko kwa mwenzake, na yeye mwenyewe ndiye asiyeliona tena, tena amejifungia mlango wa kulifuta kwa njia sahihi wakati dakika 60 hazijaisha.

Hata ukifuta sawasawa usidhani hakuna alama. Mahali pa ujumbe panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na uliorekebishwa hupachikwa neno Edited. Halafu kuna tundu la barua pepe: kama mpokeaji ameruhusu taarifa za meseji ziende kwenye barua pepe yake, maneno yako yanaweza kuwa yamekwisha kufika huko, na huko LinkedIn haina mkono. Vivyo hivyo na taarifa iliyokwisha kumulika kwenye skrini ya simu yake.

Kwa hiyo CV ya miezi iliyopita huifikii kwa kufuta. Kilichobaki ni kuomba, na ombi liwe mahsusi. Mfano:

"Habari za kazi. CV niliyokutumia tarehe 12 ina namba yangu ya pasipoti. Naomba uifute kwenye kompyuta yako na kwenye mfumo wenu wa waombaji kazi. Naambatisha nyingine isiyo na namba hiyo."

Mpe ya kubadilishia. Ombi la "futa" peke yake linamwachia kazi bila faida, atalipitisha tu.

Kufuta kwa mpigo kupo, ila hakuna kitufe cha kuchagua yote. Kwenye kompyuta fungua Messaging, juu ya orodha kuna vidoti vitatu, chagua "Manage conversations". Visanduku vya tiki vinatokea pembeni ya kila mazungumzo; tia tiki, kisha bonyeza alama ya pipa. Kwenye simu gusa mazungumzo mojawapo ushikilie, halafu gusa mengine yanayofuata. Orodha hupakia kwa mafungu, kwa hiyo shuka kwanza mpaka chini kadiri unavyotaka, ndipo uanze kutia tiki.

Usianze na orodha nzima. Tumia kichujio cha InMail kwanza. InMail ndiyo meseji inayolipiwa ili kumfikia mtu asiye kwenye mtandao wako, kwa hiyo humo utawakuta mawakala na wauza kozi wamejipanga wenyewe. Ukimaliza hapo, kama inboksi yako imegawanywa sehemu mbili, pitia ile ya Other. Zinazobaki ndizo za kusoma kwa makini.

Dawati_la_Ajira

Naongezea upande wa wakala, kwa sababu fundi amezungumzia inboksi ya kawaida tu.

Wakala anayetumia LinkedIn Recruiter ana inboksi nyingine kabisa, tofauti na ile yake binafsi. Hiyo ni ya mkataba wa kampuni yake, na wenzake wenye ruhusa wanaweza kuona mliyoandikiana. Akihama kazi, hahami nayo. Na CV kwa kawaida haikai kwenye meseji: hupakuliwa na kuingizwa kwenye mfumo wa waombaji siku hiyohiyo. Ndiyo maana ombi lako usilipeleke kwa mtu peke yake, lipeleke pia kwenye anwani ya faragha iliyo kwenye tovuti ya kampuni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinambana anayehifadhi taarifa za watu. Kampuni inayojua hilo hujibu haraka kuliko wakala mmoja mwenye meseji mia mbili hazijasomwa.

Kuhusu viendelezi: achana navyo. Masharti ya LinkedIn yanakataza programu za watu wengine zinazoendesha akaunti zenyewe, na adhabu yake ni akaunti kuwekewa kizuizi. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma ukurasa wa linkedin.com kinasoma meseji zote ulizotaka kuzificha. Na kinaweza kuchukua kuki inayoitwa li_at, ile inayokuweka ndani bila kuulizwa nenosiri kila mara. Mwenye kuki hiyo anaingia kama wewe, hata uwe na uthibitisho wa hatua mbili. Zile "kodi" za kubandika kwenye konsoli ya kivinjari, yaani dirisha la amri la watengeneza programu, ni mchezo uleule.

Laptopu ya ofisi nayo iangalie. Nenda Settings, "Sign in & security", halafu "Where you're signed in". Utaona kila kifaa kilicho ndani ya akaunti yako sasa hivi, pamoja na kivinjari chake. Funga usivyovitambua na usivyovitumia. Kusafisha inboksi huku kompyuta ya idara uliyohama bado iko ndani ni kudeki mvua inanyesha.

Kabati_Kwanza

Mimi napinga kufuta kama hatua ya kwanza. Mazungumzo ya ajira ni ushahidi: nani aliahidi mshahara gani, lini, kwa cheo gani. Tumia Archive. Yanatoka machoni, yanabaki kwenye utafutaji, na unayafikia kwa kichujio cha Archived. Tofauti moja tu ukumbuke, mtu huyo akikuandikia tena, mazungumzo yanarudi mbele.

Ukishikilia kufuta, basi chukua nakala kwanza. Settings, "Data privacy", "Get a copy of your data". Usichague furushi zima, hilo linaweza kuchukua hadi saa 24. Tia tiki Messages peke yake; kwa kawaida dakika kumi hivi zinatosha, kiungo kinakuja kwenye barua pepe. Ndani yake kuna faili messages.csv lenye safu za mtumaji, mpokeaji, tarehe, kichwa, maneno yenyewe na folda. Lifungue kwa Excel au Google Sheets, weka kichujio. Viambatisho usivitegemee humo, vile muhimu vifungue kwenye mazungumzo uvipakue kimoja kimoja.

Faida ya pili ya faili hilo ni kwamba linakuonyesha pa kufuta. Tafuta ndani yake +255 au +254, neno pasipoti, neno mshahara, jina la benki yako. Mistari itakayotokea ndiyo mazungumzo ya kushughulikia. Mia nne zinaweza kushuka zikawa kumi na tano.

Na kabla hujafungua meseji za zamani ambazo hukuzisoma, zima "Read receipts and typing indicators", iko hukohuko Data privacy. Bila hivyo, unaposafisha, mtu aliyekuandikia mwaka juzi anaona leo umeisoma, anakuja na "Habari, naona uko hewani". Ukizima, na wewe huoni tena za wenzako. Ni biashara ya haki.

fundi_vidoti

Nakubaliana na Kabati kuhusu nakala, sikubaliani kuhusu kuweka yote. Akaunti yako ikiingiliwa, Archive ni kabati lisilo na kufuli: anayeingia anaona kila kitu. Ahadi za mshahara weka, zenye pasipoti, namba ya akaunti au picha ya kitambulisho futa baada ya kuchukua nakala. Na nakala isikae kwenye folda ya Downloads ya laptopu ya ofisi.

Mambo mawili yaliyosahaulika. Mazungumzo ya kikundi: ukifuta bila kutoka, meseji mpya zitaendelea kukufuata. Toka kwanza kwa "Leave conversation", ndipo ufute. Uliyoandika humo yatabaki kwa wanakikundi.

La pili ni matapeli wa kazi za Ughaibuni, wale wanaokuhamishia WhatsApp halafu wanadai ada ya viza. Ripoti KABLA ya kufuta, kwa vidoti vya juu, Report. Piga picha ya skrini yenye kiungo cha wasifu wake, kwa sababu jina hubadilishwa. Kisha kublok, kisha kufuta. Ukianza na kufuta umetupa kile ulichokuwa ukitaka kuripoti.

Bahari_Shwari

Nimewaelewa, asanteni. Mawili ya mwisho. Nikifunga akaunti kabisa, meseji zangu zitaondoka kwa watu? Na messages.csv limefika, lakini saa haziendani: ujumbe ninaojua ulitumwa tarehe 5 umeandikwa tarehe 4.

Dawati_la_Ajira

Kufunga hakuondoi meseji kwenye inboksi za watu. Jina lako na picha vinatoweka, panaandikwa "LinkedIn Member", maneno yanabaki. Ukijuta, una siku 14 za kuifungua tena, ila mapendekezo na uthibitisho wa ujuzi ulioandikiwa na wenzako havirudi. Kwa shida yako haisaidii kitu.

Kama kuna mialiko ya kuungana uliyotuma yenye maelezo na haijakubaliwa, hiyo unaweza kuivuta: My Network, Manage, Sent, Withdraw. Hajulishwi. Ila mtu huyohuyo huwezi kumwalika tena mpaka zipite hadi wiki tatu.

Kabati_Kwanza

Saa ziko sawa, ni za UTC, yaani saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tunaongeza tatu. Mstari ulioandikwa 2025-03-04 21:40:12 UTC kwa Dar au Nairobi ni tarehe 5 Machi, saa sita na dakika 40 usiku. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma anaongeza mbili, kwake bado ni tarehe 4, saa tano na dakika 40 usiku. Kama unataka kutumia faili hilo kuonyesha nani alisema nini lini, usibadilishe safu ya tarehe yenyewe. Ongeza safu mpya pembeni. Excel ikikataa kujumlisha, ni kwa sababu inasoma "UTC" kama herufi; iondoe kwa fomula, ikiwa tarehe iko G2:

=VALUE(SUBSTITUTE(G2," UTC",""))+3/24

Kisha ipe seli muundo wa tarehe na saa.