Chetezo cha shaba chenye herufi za Kichina: nikisugue au nikiache?

Mjukuu wa Ilala
Salaam, wakuu. Marehemu bibi yangu ameniachia chetezo cha shaba chenye miguu mitatu mifupi na masikio mawili, alichokuwa akifukizia udi kila Alhamisi jioni, na chini yake kuna herufi sita za Kichina ndani ya mraba. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale anadai kwamba kina karibu miaka 600. Je, herufi hizo zinatosha kuthibitisha umri? Na ni sawa nikikisugua kwa ndimu na majivu ili king'ae?

Fundi wa Upanga
Ndugu yangu, nakusihi usikisugue. Ule wekundu wa kahawia uliokolea juu ya vyetezo vya namna hiyo ni sehemu ya kazi ya aliyevitengeneza. Ndimu huula, na ukishaondoka haurudi. Herufi husomwa kuanzia juu kulia kwenda chini. Kama ya kwanza inafanana na mtu aliyetanua mikono na miguu, na ya pili ni jua na mwezi vikiwa bega kwa bega, hapo ni «Ming kuu», yaani nasaba ya Ming iliyotawala China, na mara nyingi hufuatiwa na jina la enzi ya mfalme wake Xuande, 1426 hadi 1435. Vyetezo vya enzi hiyo vilisifiwa mno hata mafundi wa karne zilizofuata wakaendelea kutia alama ile ile, kwa hiyo vingi tunavyoviona ni vya nasaba ya Qing, iliyoanguka mwaka 1912, au vya baadaye zaidi. Alama peke yake haithibitishi lolote. Mimi hutazama kwanza uzito, kisha unadhifu wa nafasi zilizo kati ya mistari ya herufi.

Mama wa Msasani
Naongeza kuhusu kutu. Kijani kigumu kilichoshikamana na shaba hakina neno, lakini unga wa kijani mpauko unaobaki kidoleni ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na chumvi na unyevu. Gudulia langu la shaba nililiweka kwenye dirisha linalotazama bahari, na baada ya masika mawili shingo yake ilikuwa imeliwa vitundu.

Mjukuu wa Ilala
Asanteni sana. Nimekitazama juani: mtu aliyetanua mikono yupo, jua na mwezi vipo, na unga haupo. Mnunuzi nimemwambia asubiri. Ndani kuna majivu ya udi wa bibi, niyaache?

Mama wa Msasani
Yahifadhi kando ukipenda, mwanangu, lakini yatoe kwa brashi laini na kavu, kwa kuwa majivu huvuta unyevu. Maji usiyatie kabisa.