Teksi mtandao Dar: oda apewe mwenye zamu au aliye karibu?

Dereva wa IST: Wakuu, kijiweni zamani tulikuwa na zamu. Aliyetangulia kufika ndiye anabeba. Sasa nakaa Mlimani City tangu asubuhi, anakuja mtu anashusha abiria getini, hata breki hazijapoa kapewa oda. Kisa yuko karibu! Hii ni haki?

Binti Sinza: Kaka, mimi niko juani na mizigo, zamu yenu inanihusu nini? Kwanza mkipewa oda mnapiga simu, "Dada unaelekea wapi?" Ukitaja Goba tu, safari imekatwa.

Dereva wa IST: Goba mvua ikinyesha unarudi na usukani tu.

Mwana Goba: Tuheshimiane. Tangi Bovu mpaka Mbezi Mwisho lami tupu. Lini umefika huku?

Dereva wa IST: Lami naijua mkuu. Unakaa kwenye lami? Mnatuambia "panda kidogo, kata kulia kwenye mwembe", mtu anakuta korongo.

Mwana Goba: Sasa kosa la mwembe?

Mzee wa Posta: Mnagombania miembe, pesa inaliwa kwenye kamisheni ya kampuni za app. Si mnakumbuka 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, waliibana ikawa 15%, Uber wakasimamisha huduma? Mwaka uliofuata wakarudi, 25%. Na ile safari ya kumfuata abiria, mafuta ni ya dereva. Lazima achague.

Mama Kigamboni: Na huo ukaribu wanaupimaje? Nasimama Feri huku kwetu, naletewa gari iliyoko Kivukoni. Kwenye ramani tumepakana, katikati bahari! Apange foleni ya pantoni au azunguke darajani alipie. Anakata, na simlaumu.

Binti Sinza: Kwako ana sababu. Mimi wa Sinza hakuna bahari, mbona ananihoji?

Dereva wa IST: Waonyeshe mwisho wa safari kabla sijapokea. Sitampigia mtu.

Mwana Goba: Aah, hapo ndo mmetumaliza. Nani atapokea oda ya huku?

Mzee wa Posta: Walipe kilomita za kumfuata abiria uone watu watakavyogombania Goba.

Binti Sinza: Na hela hiyo itatoka kwa nani, mzee? Kwangu tena?

Mzee wa Posta: Kwenye 25% yao.

Dereva wa IST: Hao? Labda uwafuate mwenyewe. Ila mimi Goba ya ndani bado siendi.

Mwana Goba: Hatujakuita.