Gari hubandikwa stika ya ukaguzi, daraja je?

Ndugu zangu, naleta jambo moja tu tulijadili. Ripoti za ukaguzi wa madaraja yetu ziwe wazi kwa mwananchi, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho iandikwe pale pale darajani? Au ziendelee kukaa kwenye majalada ya ofisi? Mimi nasema ziwe wazi.

Kwetu kuna daraja la zege lenye nguzo mbili, njia ya kwenda sokoni. Mwaka jana, kiangazi kikielekea ukingoni, nilishuka chini yake kumfuata ndama aliyekatika kamba. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kulitazama lile daraja kutoka chini. Ukiwa juu ni zuri, kingo zake zimepakwa rangi nyeusi na nyeupe, zinang'aa. Chini ni habari nyingine. Msingi wa nguzo ya upande wa mashariki uko wazi, maji yamekula udongo mpaka nikaingiza mkono katikati ya zege na ardhi ukazama hadi kiwikoni. Tumboni mwa daraja kuna zege limebanduka, kiasi cha sinia la pilau, na nondo tatu zinachungulia zikiwa zimevimba kwa kutu. Hatua chache kufuata mkondo, vijana walikuwa wakijaza mchanga kwenye trekta. Mchanga ule ule unaoishikilia nguzo.

Nikaenda ofisi inayohusika. Sitasema uongo, nilipokewa vizuri na nikapewa kiti. Nikaambiwa daraja limekaguliwa na ripoti ipo. Nikaomba niione. Nikajibiwa ile ni ya matumizi ya ndani. Basi, nikaaga. Jioni yake nilisimama pale darajani nikaliona basi la shule likipita limejaa watoto, na sikuweza kumwambia dereva neno lolote, kwa sababu sijui kilichoandikwa mle ndani.

Sasa nifikirieni. Basi lile lenyewe, ili litembee, linakaguliwa breki, taa na matairi, kisha linabandikwa stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele. Abiria anaiona kabla hajapanda. Trafiki anaiona. Gari likitembea bila stika, mwenye gari anaulizwa. Daraja linalobeba mabasi yote hayo halina hata mstari mmoja unaosema lilikaguliwa lini na likakutwa na nini.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawasilishwa bungeni kila mwaka na tunaisoma wote, hata sisi wa vijijini kwenye simu zetu. Humo hati chafu zinatajwa, na nchi haijawahi kuanguka kwa sababu hiyo. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 18(d), inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Tuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kama hali ya nguzo ninayovukia kila siku si jambo muhimu kwa maisha yangu, naomba mnioneshe lililo muhimu.

Na madhara tunayajua. Machi 2020 maji yalikata barabara pale Kiyegeya, Gairo, njia ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Sisemi ukaguzi ungezuia mvua. Lakini mto haukati barabara popote tu, unaanzia palipokwisha kulika.

Kingine ni ukubwa wa kazi yenyewe. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, peke yake ina mtandao wa barabara unaozidi kilomita 144,000. Hakuna wahandisi wa kutosha kupita kote huko kila masika. Ila kila kalavati lina mtu anayelala jirani nalo. Mtu huyo akijua kwamba mkaguzi aliandika "mdomo umeziba kwa mchanga, usafishwe", atajua cha kudai kwenye mkutano wa kijiji, na mwenyekiti atakuwa na sababu ya kuwafukuza wachimba mchanga bila kuonekana ana chuki nao. Leo anawafukuza kwa hoja gani?

Karibuni, hasa wanaopinga.

Mhandisi mstaafu

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na uchungu wako nauelewa. Nimekagua madaraja zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ripoti ya ukaguzi si ya kusomwa na kila mtu. Tunapoandika "hali mbaya" hatumaanishi daraja litaanguka kesho, tunamaanisha liingie kwenye bajeti mapema. Ukilibandika neno hilo darajani, wafanyabiashara watasita kupita, mzigo utapanda bei, na wanasiasa watalichukua waende nalo jukwaani.

Pili, uwazi hauokoi wenyewe. Daraja la I-35W kule Minneapolis, Marekani, liliorodheshwa kuwa na upungufu tangu mwaka 1990, na taarifa hiyo haikuwa siri. Tarehe 1 Agosti 2007 likaanguka mtoni likaua watu 13. Kilicholiangusha ni bamba za chuma za maungio zilizosanifiwa nyembamba tangu mwanzo, ukichanganya na mashine na kokoto za mkandarasi zilizokuwa zimerundikwa juu yake siku hiyo. Hakuna bango lingeliona hilo.

Tatu ni fedha. Mkaguzi anaandika mambo kumi, fungu linatosha mawili. Hayo manane yaliyobaki ukiyatangaza, watu watamchukia mkaguzi ambaye hakukosa. Mimi ningesema tuanze na matengenezo ya kawaida, mitaro izibuliwe na majani yafyekwe, ndipo tuzungumze mabango. Tena mabango yenyewe ya chuma hayakai. Alama za barabarani zinang'olewa usiku, zinauzwa vyuma chakavu.

Dereva wa lori

Mimi natoa la barabarani tu. Mizani napita, ekseli zangu ziko sawa, risiti ninazo. Lakini mzani uko barabara kuu. Nikichepuka kufuata mahindi kijijini hakuna anayenipima, na tajiri anataka gari lirudi limejaa. Nafika kwenye daraja dogo naona bango limefutika, sijui lilisema tani 10 au 30. Nafanyaje? Namteremsha utingo atangulie kwa miguu, asikilize. Kweli kabisa, tunasikiliza daraja kwa masikio. Nikivuka salama namshukuru Mungu.

Kwa hiyo mzee, hofu unayosema bango litaleta, sisi tunayo tayari. Ila na wewe mleta mada ujue, ukiandika daraja ni bovu na njia nyingine hakuna, bado nitapita. Mzigo wa watu hauwezi kuoza porini.

Mleta mada

Mzee, shikamoo. Nashukuru umekuja, maana watu wa fani yako wengi hunyamaza.

La Minneapolis nakubaliana nawe, na ndiyo maana sisemi tarehe peke yake inatosha. Ila nami nina la Marekani hiyo hiyo. Daraja la Fern Hollow, mjini Pittsburgh, lilianguka alfajiri ya tarehe 28 Januari 2022 likiwa na basi la abiria juu yake. Bahati nzuri hakufa mtu. Wachunguzi walikuta nini? Matundu ya kutolea maji yalikuwa yameziba, maji na takataka vikakaa kwenye miguu ya chuma, na kutu ikaila mpaka ikatoboka. Wakaguzi waliliandika jambo hilo ripoti baada ya ripoti, miaka nenda rudi. Mwenye daraja hakulifanyia kazi. Pale mkaguzi hakukosa, aliona na akasema. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza "mlisema mtasafisha, mbona hamjasafisha?"

Ndiyo maana nataka paandikwe mambo matatu: lilikaguliwa lini, lilikutwa na nini, kimefanyika nini tangu hapo. Hilo la tatu ndilo linalomlinda mkaguzi wako, mzee. Mambo manane yasiyopata fungu yakionekana, wananchi watajua aliyeshikilia fungu ni nani, na diwani atakuwa na cha kusema kwenye baraza la madiwani zaidi ya "tunaomba serikali ituangalie". Tukilipa tozo kwenye kila lita ya mafuta, ikiwemo ile shilingi 100 iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA, angalau tuoneshwe foleni ya matengenezo na daraja letu ni la ngapi.

Kuhusu kuibiwa, si lazima liwe bango. Iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa daraja. Rangi ya kuchora X kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara haikosekani, na hakuna mwizi aliyewahi kuiba X.

Dereva, kaka yangu, hilo la kumteremsha utingo limeniuma. Wewe utapita kwa sababu huna njia, lakini ungejua ni tani 10, ungeshusha nusu upande huu uvuke mara mbili. Au ungemwonesha tajiri wako maandishi badala ya kubishana naye kwa mdomo.

Mzee, nakuomba kitu kimoja. Tuandikie hapa, kwa lugha ya kwetu, mwanakijiji asiye na kipimo chochote atazame nini chini ya daraja kila baada ya mvua kubwa. Mimi nimeanza na msingi na nondo. Wewe unajua mengine.

Barua ya kuomba ripoti ya daraja letu, kwa kutumia sheria ile ya 2016, nimeipeleka Jumatatu na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inawapa siku 30. Jibu lolote nitakalopewa nitalileta hapa hapa.