Pensheni imesogezwa hadi miaka 67 na magoti yamegoma: niache kazi au nivumilie?

MamaTanga: Wanajamvi, hasa akina mama mlioko Uingereza, naomba ushauri. Nimezaliwa Mei 1961. Nilipotua huku 2001, wanawake walikuwa wanachukua pensheni ya serikali wakiwa na miaka 60, nikapiga hesabu zangu: 2021 narudi Tanga. Kumbe umri unasogezwa, 65, kisha 66, na sisi tuliozaliwa kuanzia 6 Machi 1961 ni 67. Yaani Mei 2028.

Nipo nyumba ya wazee, zamu za usiku. Juzi namgeuza mama mmoja kitandani, jicho likaangukia tarehe yake ya kuzaliwa kwenye faili. Nimemzidi miaka miwili! Nilimaliza kumvisha, nikaenda kukaa chooni mpaka walipoanza kunitafuta.

Binti yangu ana mtoto wa mwaka na nusu, anataka nimlelee ili yeye arudi kazini. Nikiacha, michango yangu ya miaka 24 inakuwaje?

DadaMkubwa55: Pole mdogo wangu. Mimi wa 1955, nimeipata 2021. Ile miaka sita ya nyongeza nilikuwa nafagia ofisi alfajiri. Magoti yana dawa, mimi kilichonitoka ni usingizi, halafu vilio visivyo na sababu. Daktari akasema ni sonona.

KijanaWaKazi: Mama, kazi ni afya. Ukikaa nyumbani utachakaa.

Mkokotoaji: Kijana, kazi gani? Utafiti wa King's College London wa 2020 ulikuta nyongeza hii ilizidisha dalili za sonona kwa wanawake wa kazi za sulubu. Wewe unaandika umekaa kwenye kiti.

Mama, miaka 24 ni yako, haifutwi. Halafu wengi hawajui hili: bibi anayelea mjukuu wa chini ya miaka 12 anaweza kuhamishiwa mwaka wa Bima ya Taifa (National Insurance, ile michango inayohesabiwa kwenye pensheni), mradi mzazi yuko kazini na ndiye anayepokea posho ya mtoto. Mnaomba mwaka wa kodi ukishaisha. Pensheni kamili kwa kawaida ni miaka 35, kwa hiyo kila mwaka una uzito. Ila ukihamia Tanga utalipwa, lakini haitapanda kila mwaka kama ya waliobaki huku.

DadaMkubwa55: Mwaka wa michango hauliwi, lakini. Kodi ya nyumba utalipa na nini? Punguza zamu kwanza.

MamaTanga: Shikamoo dada. Nimempigia binti sasa hivi, posho anapokea. Jumatatu namwona meneja, naomba zamu mbili za usiku badala ya nne.