Mkutano wa hadhara unakusanya maoni, au unakusanya watu?

Mleta mada

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Kituo cha afya tunachokitumia kinataka kubadili saa za kliniki: badala ya kufungua asubuhi na kufunga saa 9 alasiri, wafungue mchana mpaka saa 2 usiku. Tukaitwa mkutanoni "kutoa maoni". Mimi nilikaa nyuma, nikageuza karatasi ya ajenda, nikawa naweka alama kila anaposimama mtu kusema. Ukumbini tulikaribia 200. Waliosema ni 14. Wanawake kati yao walikuwa 2, na mmoja alikatizwa kabla hajafika kwenye hoja yake. Kuna mzee alisimama mara tatu. Huyo nimemhesabu mara moja. Mwisho mwenyekiti akauliza, "Tumekubaliana?" Ukumbi ukaitika "Ndiyooo!" huku watu wakiinuka, maana jua lilishazama. Kesho yake tangazo likabandikwa: "Wananchi wameafiki kwa kauli moja."

Mkutano ukiitwa saa 10 jioni siku ya kazi, umeshaamua nani asije. Mama mwenye kichanga, kijana aliye kazini, mgonjwa mwenyewe: hao ndio wenye kliniki, na hao ndio hawakuwepo. Kwa hiyo naweka hoja mezani: ofisi yoyote ya umma ikatazwe kuandika maneno "maoni ya wananchi" kama ilichofanya ni mkutano peke yake. Wachague kaya kwa bahati nasibu, watume wadadisi na dodoso, watuletee namba. Anayepinga aje na sababu.

Karani wa Zamani

Napinga, na mimi nimekula mshahara wa dodoso kwa miaka. Mnaozisoma namba kwenye ripoti hamjui zinavyozaliwa.

Dodoso refu mhojiwa hulijifunza. Unamuuliza, "Kuna aliyeugua humu ndani mwezi huu?" Anasema ndiyo. Yanafuata maswali 9: nani, lini, alipelekwa wapi, mlilipa kiasi gani. Akitaja wa pili, 9 tena. Mkifika kwenye mashamba keshashtuka kwamba "ndiyo" inazaa maswali na "hapana" inafunga ukurasa. Kuanzia hapo nyumba nzima haina shamba, haina deni, haina ndugu aliyehama. Na mimi mdadisi, nikiwa na kaya 5 zinanisubiri kabla ya giza, kubisha nabisha na nani?

Halafu kuna maswali mazito. Tukiuliza kuhusu ukatili wa nyumbani, utaratibu ulitaka mwanamke mmoja tu kwa kaya, tena awe peke yake. Kwenye mafunzo linaonekana jambo dogo. Ukifika, mume kaegemea mlango anachokonoa meno, anataka kujua mnaongea nini. Tulikuwa na maswali ya kusingizia kuhusu afya ya watoto. Akisogea tu, unarukia huko, akiondoka unarudi. Siku nyingine haondoki kabisa, unafunga daftari na kuaga.

Na sijasema kuhusu wenzetu waliokaa chini ya mti mmoja wakajaza madodoso 10 kwa mikono yao wenyewe, kabla ya vishikwambi kuanza kurekodi saa na mahali. Hizo nazo zilikwenda ofisini zikaitwa namba.

Pita Njia

Si muweke kura kwenye kundi la WhatsApp? Dakika 5 jambo limeisha.

Hesabu Hazidanganyi

Pita Njia, hilo lilishafanyika kwa gharama kubwa kuliko yako. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kama milioni 10 kuuliza nani atashinda urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba mgombea Landon anambwaga Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kutumiwa karatasi yalitolewa kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, yaani walioulizwa zaidi ni wenye nafuu. Juu ya hapo, aliyejisumbua kurudisha karatasi hakuwa sawa na aliyeitupa. Mwaka huohuo mpima maoni George Gallup, kwa watu kama 50,000 tu, alimtaja mshindi sahihi. Kundi lako la WhatsApp ni Literary Digest isiyo na stempu.

Karani, nakuheshimu, ila ulichoeleza ni kazi mbovu. Mbinu yenyewe hujaigusa. Maabara haikunyonyi damu yote ili ijue una malaria. Inachukua tone, ila tone litoke kwako. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu ya kweli wanakupa asilimia yenye kosa la kama pointi 3 juu au chini, hata kama idadi ya watu wote ni milioni. Ukitaka kosa hilo lipungue nusu, unahitaji watu 4,000. Ndiyo maana nasema pesa ya kuongeza wahojiwa mara nyingi ingefaa zaidi kulipa wadadisi wachache, wazuri, wenye muda wa kurudi kwenye nyumba iliyokutwa imefungwa.

Na siri ina dawa yake. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alipendekeza hivi: mhojiwa anazungusha kishale mahali ambapo mdadisi haoni. Kishale kinaamua kama atajibu sentensi "nimo katika kundi hili" au "simo". Mdadisi anasikia "ndiyo" au "hapana" tu, hajui ni ya sentensi ipi. Uwezekano wa kishale kuangukia kila upande unajulikana, kwa hiyo ukiwa na majibu mengi unakokotoa asilimia ya kundi zima bila kumjua mtu hata mmoja.

Karani wa Zamani

Kishale kizuri. Nikifika na kishale kwenye nyumba niliyoieleza, wataniuliza kama nimekuja kupiga ramli.

Mfasiri

Nyote wawili mnabishana kuhusu nani aulizwe na nani aulize. Mimi kazi yangu ni kutafsiri hojaji kwa Kiswahili, na naona kosa linaanza mapema zaidi, kwenye swali lenyewe.

Chukueni mfano huu: "Hujawahi kunyimwa dawa hapa?" Mtu akijibu "ndiyo", amesema nini? Kwa wengi wetu ni "ndiyo, sijawahi". Lakini yupo anayemaanisha "ndiyo, nimewahi", na kisanduku cha kutia alama ni kilekile. Nimewahi kulitoa swali la namna hiyo likarudishwa na mwenye hojaji kwa sababu "asili yake iko hivyo".

Au zile ngazi tano za mwanasaikolojia Rensis Likert, za tangu mwaka 1932: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Kwenye majaribio bibi mmoja alisema anakubali. Akaulizwa, "Unakubali, au unakubali sana?" Akamtazama mdadisi kwa huruma: "Mwanangu, si nimeshakubali?"

Lakini linaloniumiza zaidi ni "nzuri". Sisi ukituuliza habari, ni nzuri, hata kama usiku hatukulala kwa homa. Ukituuliza huduma ikoje, ni nzuri pia. Habari yenyewe inakuja baadaye: "Nzuri… ila." Nzuri, ila yule wa dirishani anafoka. Nzuri, ila tulikaa mpaka saa 8. Hojaji inaandika "nzuri" na kuhamia swali linalofuata kabla "ila" haijatoka mdomoni. Ukijumlisha unapata kituo chenye wateja walioridhika na foleni ya watu wanaonung'unika.

Msidhani ni ugonjwa wa Kiswahili peke yake. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha jaribio la Marekani: kundi moja liliulizwa kama hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia ziruhusiwe, asilimia 62 wakasema zisiruhusiwe. Kundi jingine linalofanana nalo likaulizwa kama zikatazwe. Waliosema zikatazwe walikuwa asilimia 46. Kutoruhusu na kukataza kuna tofauti gani? Kwenye sheria, hakuna. Kwenye kinywa cha mtu, pointi 16.

Macho Mawili

Mimi nauliza la kijinga: kwa nini tunauliza kabisa? Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, enzi ambazo Wachina walichukiwa waziwazi. Waliingia hoteli, kambi na mikahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenyewe kuuliza kama wangepokea mgeni Mchina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Alichapisha mwaka 1934, na bado tunaendelea kuuliza watu wangefanya nini badala ya kuangalia wanafanya nini.

Kliniki ya mleta mada ina daftari la mapokezi. Ina lango. Kaa langoni jioni, hesabu wanaokuja wakakuta pamefungwa. Hao hawahitaji dodoso.

Hesabu Hazidanganyi

Na ambao hawaji kabisa kwa sababu wanajua pamefungwa, utawahesabu langoni?

Macho Mawili

Hapo umenishika.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nakiri nilikimbilia dodoso kwa hasira ya mkutano. Nikirudi kwenye kliniki yetu naona nilichanganya maswali matatu kwenye mfuko mmoja. Wangapi wanakuja jioni wakakosa: hilo ni la lango na daftari. Kwa nini wengine hawaji kabisa: hapo dodoso langu lingeleta "nzuri" tupu, pa kukaa ni na kikundi cha watu 8 hivi, akina mama peke yao, vijana peke yao, na anayeongoza awe mtu ambaye si wa kituo. Wangapi kwa jumla wanataka saa mpya: hilo nabaki nalo ni la sampuli, tena dodoso la maswali 6, si 60, ili Karani asichokwe.

Nisichoacha ni hoja ya mwanzo. Mkutano uwepo, viongozi wasimame waulizwe, wajibu mbele ya watu. Kwa kazi hiyo sioni kinachoushinda. Ila ule ukumbi ulioitika "ndiyooo" ukielekea mlangoni usiandikwe kuwa ni maoni yangu.

Karani wa Zamani

Maswali 6 nakubali. Nakubali sana.

Mama Wawili

Nilikuwa nasoma kimya. Mimi ni mmoja wa ambao hamkuwaona ukumbini. Saa 10 ndio nawatoa watoto shule. Kuulizwa nimeulizwa sana. Amekuja wa vyandarua, wa maji, wa simu, mwingine alinipigia nikiwa na mtoto mgongoni, akaniambia ni dakika 10, zikawa 40. Wote niliwajibu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema, "Mama, tuliwauliza wangapi, mlisema hivi, na kilichoamuliwa ni hiki." Wa vyandarua alirudi, ila alirudi na dodoso jingine.

Mleta mada, ukikaa hapo langoni na daftari lako nitakuja, maana jioni ndiyo saa yangu. Ila matokeo uyabandike palepale walipobandika tangazo lao, kwa herufi za kusomeka.