Michango ya mtoto imebaki: tuipeleke kwenye utafiti?

Mama wa Chumbageni: Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Tanga. Tunazo shilingi 4,300,000 ambazo tungependa zisaidie utafiti wa retinoblastoma, saratani adimu ya jicho inayowapata zaidi watoto wasiofikisha miaka 5. Wenzangu wamegawanyika, nami sipati usingizi. Tuzipeleke wapi?

Mzee wa Raskazone: Msizidharau fedha hizo, mwanangu. Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu kiasi cha maili 10,000, wakiuliza katika kila hospitali kama wamewaona watoto waliovimba taya. Gharama zote hazikufika pauni 700, na safari hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba saratani ile ya taya hufuata maeneo yenye joto na mvua.

Mwalimu Pangani: Mimi naona kwanza wahudumieni walio hai. Mpwa wangu alipolazwa Muhimbili, kilichotushinda hakikuwa dawa, bali nauli na chakula cha mama yake. Dada yangu aliuza cherehani.

Shangazi Makorora: Mwenzangu, fedha hizi mlizichanga kwa jina la nani?

Mama wa Chumbageni: Nakiri sikueleza yote. Tulizichanga kwa matibabu ya mtoto wa jirani yetu, naye akafariki kabla hazijatumika. Tena shilingi milioni moja nimeshamtumia mtafiti mmoja tuliyekutana naye wodini. Sijala hata senti. Mama wa marehemu mwenyewe alisema hataki mzazi mwingine ayapate yaliyompata, nami nikaona kungoja kikao ni kuchelewa tena.

Shangazi Makorora: Mama wa mtoto ni mmoja, wachangiaji ni wengi, na hiyo ni amana yao. Halafu mtafiti wa kweli ana kibali cha maadili, kwa mfano cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na fedha hupokelewa na taasisi yake kwa stakabadhi. Ulimtumia kwenye simu?

Mama wa Chumbageni: Kwenye simu, ndiyo. Alikuwa na haraka.

Kijana wa Duga: Samahani, mimi siamini. Visa vya namna hii huishia kwa namba ya kuchangia. Kama ni kweli, ugonjwa huo mliutambuaje?

Mama wa Chumbageni: Sijaweka namba, wala sitaiweka. Ilikuwa picha ya sikukuu, niliyoipiga mwenyewe usiku barazani. Mwanga wa kamera uliwafanya watoto wote waonekane na mboni nyekundu, lakini ya kushoto ya mtoto yule wa jirani iling'aa nyeupe kama ya paka. Tulicheka, tukawa tunamwita Paka, naye akawa anaitika. Ilipita miezi saba kabla hajapelekwa hospitali, ilhali ugonjwa huu ukiwahiwa watoto wengi hupona.

Kijana wa Duga: Nisamehe, mama. Poleni sana.

Mzee wa Raskazone: Pole, mwanangu. Itisha kikao.

Mama wa Chumbageni: Jumapili nitawasomea wachangiaji daftari lote, pamoja na ile milioni. Bado nitawaomba zilizobaki ziende kwenye utafiti. Yule mtafiti nimempigia mara tatu tangu saa kumi, na hajapokea.